Jeraha la Moyo Nalo Hutibiwa

Mtu akijikata mguu kwa jembe, damu hutoka. Kila mtu huiona. Jirani mmoja huleta kitambaa. Mwingine hutafuta baiskeli au pikipiki. Mgonjwa hupelekwa zahanati siku ile ile. Hakuna anayemwambia, "Jikaze tu."

Lakini liko jeraha jingine lisilotoa damu. Ni jeraha la moyo. Mtu huyu hutembea, hula na huitikia salamu. Lakini ndani anaumia. Waganga wa hospitali huliita jeraha hili kiwewe. Katika somo hili tutajifunza kiwewe ni nini, na mgonjwa wake apelekwe wapi.

Kiwewe huletwa na nini?

Kiwewe huletwa na jambo la kutisha mno. Jambo hilo laweza kuwa ajali ya gari, moto, mafuriko au vita. Laweza kuwa kupigwa, kubakwa, au kuona mtu akiuawa.

Tukumbuke yaliyotokea Katesh, katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilinyesha. Tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang. Nyumba zilifunikwa. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliopona walihitaji chakula, nguo na mahali pa kulala. Lakini walihitaji pia mtu wa kuwasikiliza. Kwa hiyo maafisa ustawi wa jamii nao walipelekwa huko. Walikwenda kuzungumza na waliofiwa na waliopotelewa na mali.

Kiwewe hakiletwi na woga. Hakiletwi na udhaifu. Askari shujaa hukipata. Mkulima hodari hukipata. Mtoto naye hukipata.

Dalili zake

Mtu mwenye kiwewe huwa na dalili kama hizi:

1. Huota ndoto mbaya juu ya jambo lile.
2. Hushtuka upesi, hata mlango ukigongwa tu.
3. Hukwepa mahali, watu au vitu vinavyomkumbusha.
4. Hukasirika bure, au hukaa kimya peke yake.
5. Hushindwa kulala, kula au kufanya kazi.
6. Huona kama jambo lile linatokea tena mbele yake.

Katika siku za kwanza, dalili hizi si ajabu. Watu wengi hupata nafuu polepole wakiwa na ndugu na majirani wema. Lakini dalili zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kufanya kazi zake, ni lazima apate msaada wa mganga. Na akisema anataka kufa, asingojee hata siku moja.

Tuchukue mfano

Baba mmoja alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Siku moja alipanda lori kutoka mnadani. Lori lilipinduka. Wenzake wawili walikufa. Yeye aliumia mkono, na mkono ukapona.

Miezi miwili ikapita. Baba huyu hakwenda tena mnadani. Usiku aliamka akipiga kelele. Mchana alikunywa pombe, ingawa zamani hakuwa mlevi. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema amekuwa mvivu. Rafiki yake alimwambia, "Mbona mkono umepona? Acha kudeka."

Mkewe hakusema hivyo. Jioni moja alikaa karibu naye na kumwambia, "Baba watoto, naona unateseka. Mimi sikulaumu. Kesho twende zahanati pamoja." Mume alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nikienda nitasemaje? Sina kidonda." Mkewe akamjibu, "Nitakusaidia kusema."

Ndugu msomaji, maneno hayo, "nitakusaidia kusema," ni msaada mkubwa. Mwenye kiwewe mara nyingi hana nguvu ya kutafuta tiba peke yake. Anahitaji mtu wa kufuatana naye.

Jirani afanye nini?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha kuwafundisha watu huduma ya kwanza kwa waliopatwa na msiba mkubwa. Huduma hiyo haihitaji daktari. Ina mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha.

Tazama. Je, mahali ni salama? Nani ameumia? Nani yuko peke yake? Nani ana njaa au baridi?

Sikiliza. Kaa naye. Muulize anahitaji nini. Usimlazimishe kusimulia yaliyotokea. Akitaka kusema, msikilize. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye. Usimwambie, "Wenzako wamepata makubwa kuliko hayo."

Unganisha. Msaidie kuwafikia ndugu zake. Mwonyeshe mahali pa kupata huduma. Mpeleke, usimwelekeze tu kwa kidole.

Sala na maneno ya wazee huweza kumpa mtu faraja. Ni vizuri. Lakini yasimzuie kufika zahanati. Pia asifungwe kamba wala minyororo, na asipigwe. Mtu aliyeumia moyoni ukimfunga, unamwongezea jeraha.

Njia ya kupata tiba

Watu wengi hudhani kwamba tiba ya akili iko mbali sana, Dodoma, katika Hospitali ya Mirembe. Hata jina hilo limekuwa neno la matusi. Watu wakigombana, mmoja humwambia mwenzake aende Mirembe. Tuache utani huo. Mirembe ni hospitali kama hospitali nyingine. Kuna pia Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, ambayo imetibu wagonjwa wa akili tangu wakati wa Wajerumani. Tena wagonjwa wengi wa kiwewe hawahitaji kwenda huko. Njia yao huanza karibu na nyumbani.

Kwanza, nenda zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Mweleze mganga mambo yote, si maumivu ya kichwa tu. Kama hujui uanzie wapi, mwone mhudumu wa afya wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji.

Pili, mganga akiona tatizo ni kubwa, atakupa barua ya rufaa uende hospitali ya wilaya. Hapo ulizia muuguzi wa afya ya akili. Ulizia pia afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ni pamoja na kuwashauri watu wenye shida na kuwasikiliza wasio na uwezo wa kulipa. Kama huna fedha, usirudi nyumbani kimya. Mweleze hali yako.

Tatu, tatizo likizidi, mgonjwa hupelekwa hospitali ya mkoa, na baadaye hospitali kubwa kama Mirembe au Muhimbili.

Tumia kalamu yako

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kalamu yako yaweza kumsaidia mgonjwa. Mtu akifika mbele ya mganga husahau, au huona haya. Karatasi haisahau. Mke wa yule baba aliandika hivi:

Ajali ilitokea tarehe 4 Machi.
Tangu siku hiyo halali vizuri.
Huamka akipiga kelele mara tatu kwa wiki.
Hapandi gari. Haendi mnadani.
Anakunywa pombe kila siku. Zamani hakunywa hivyo.
Wiki iliyopita alisema, "Heri ningekufa na wenzangu."

Walipofika zahanati, mganga kijana aliwapokea. "Shikamoo, mzee. Karibu, mama." Mume aliitikia, "Marahaba," kisha akainama. Mkewe akatoa karatasi. Mganga aliisoma yote. Aliposoma mstari wa mwisho alivuta kiti karibu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, je, umewahi kufikiri kujiua?" Baba yule alilia. Kisha akasema, "Ndiyo." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mtu neno hilo.

Siku ile ile alipewa barua ya rufaa. Mkewe na kaka yake walifuatana naye hospitalini. Kama mstari ule haungeandikwa, pengine angepewa dawa ya kichwa tu na kurudi nyumbani na siri yake.

Matibabu yake

Tiba kubwa ya kiwewe ni mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo. Huitwa ushauri nasaha. Mgonjwa hufundishwa kutuliza mwili wake, kwa mfano kwa kuvuta pumzi polepole. Kisha husaidiwa, kidogo kidogo, kukumbuka jambo lile bila kutetemeka, na kurudi mahali anapopakwepa. Haponi kwa siku moja. Huenda na kurudi, mara nyingi kwa wiki au miezi kadhaa. Kwa hiyo soma vizuri tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi.

Wengine hupewa dawa pia. Soma maandishi yaliyo kwenye bahasha ya dawa: ngapi, na mara ngapi kwa siku. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu ameona nafuu. Amwulize mganga kwanza. Pombe si dawa ya kiwewe. Huleta usingizi kidogo, kisha huzidisha huzuni.

Wakati wa hatari

Mtu akisema anataka kufa, usimcheke. Usiseme kwamba anatisha watu tu. Fanya haya:

1. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.
2. Usimwache peke yake, hata usiku. Ndugu wapokezane zamu.
3. Ondoa sumu za wadudu na za panya, dawa nyingi, kamba na visu. Vifungiwe kwa jirani.
4. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja.

Kama amekwisha kunywa sumu, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, mkachukue na kopo la sumu ili mganga aone ni sumu gani.

Mtu aliyebakwa naye afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita. Katika muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Kisha apate pia msaada wa moyo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo kama haya. Ukiona mtoto anateswa, piga simu namba 116. Simu hiyo hailipiwi.

Mwisho

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara damu. Kisha walichimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Zamani magonjwa hayo nayo yalidhaniwa na wengine kuwa uchawi. Elimu iliwafungua macho.

Jeraha la moyo nalo ni hivyo hivyo. Si uchawi. Si aibu. Ni ugonjwa, na tiba yake ipo.

Yule baba bado hushtuka akisikia breki za lori. Lakini analala. Pombe ameacha. Mwezi uliopita alikwenda mnadani akiwa na kaka yake, akarudi na mbuzi watatu.

Ndugu msomaji, mfikirie mtu mmoja katika kijiji chako ambaye amebadilika tangu alipopatwa na jambo zito. Leo jioni mpitie. Kaa naye. Mwambie, "Nitakusaidia kusema."

Maneno mapya

Kiwewe: jeraha la moyo baada ya jambo la kutisha.
Rufaa: kupelekwa kutoka kituo kidogo cha tiba hadi kikubwa zaidi.
Ushauri nasaha: mazungumzo ya kumtibu mtu aliyeumia moyoni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja dalili tatu za kiwewe.
2. Kwa nini rafiki wa yule baba alikosea?
3. Zahanati iliyo karibu nanyi iko wapi? Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu yuko wapi? Andikeni majibu kwenye karatasi na kuyabandika ukutani.
4. Mtu akisema anataka kufa, ni mambo gani manne ya kufanya?
5. Andika mistari mitano ambayo ungempa mganga kama ungempeleka mgonjwa wa kiwewe.