Kichwa cha punda husema mguu upi unauma: jinsi ya kusoma mwendo wa farasi, ngamia na punda

Kwa familia nyingi za wafugaji wa Turkana, punda ndiye lori la nyumba. Hubeba maji, kuni na vyombo, na wakati wa kuhama hubeba hata watoto wadogo. Miongoni mwa wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wako waliokulia Darfur na nyanda za juu za Ethiopia, ambako farasi huvuta mikokoteni na kubeba watu, na wako Wasomali waliolelewa na ngamia. Wote wanajua jambo moja: mnyama wa mzigo akilemaa, maji hayafiki nyumbani.

Tatizo ni kwamba punda huficha maumivu. Kwa mnyama anayewindwa, kuonyesha udhaifu ni kumwita fisi. Kwa hiyo siku unayomwona akichechemea waziwazi, huenda ukwato umeanza kuoza au kifundo kimeumia siku nyingi zilizopita. Hata hivyo, mwili wake hutoa dalili mapema kwa anayejua kuangalia. Makala haya yanaeleza jinsi mwili wa mnyama unavyocheza akiwa mzima, kwa nini aina moja haitembei kama nyingine, na jinsi unavyoweza kumkagua mnyama wako bila kifaa chochote cha gharama.

Mienendo minne ya farasi

Farasi ana mienendo minne ya kawaida. Kila mmoja una mpigo wake wa miguu, na kila mmoja hukichezesha kichwa na mgongo kwa namna yake.

*Kutembea.* Miguu minne hukanyaga mmoja mmoja, kwa hiyo utasikia mipigo minne. Ukianza kuhesabu na mguu wa nyuma wa kushoto, unaofuata ni wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Wakati wote miguu miwili au mitatu iko chini. Kichwa huinama na kuinuka mara mbili katika kila mzunguko wa hatua, kama mtu anayeitikia mazungumzo. Hilo ni jambo la kawaida, si ugonjwa.

*Mbio ndogo*, ambazo watu wa pwani huziita matiti. Hapa miguu huenda kwa jozi za mshazari: mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Mipigo ni miwili, na kati ya mpigo na mpigo mwili wote huwa hewani kidogo. Mgongo hupanda na kushuka, lakini kichwa hutulia karibu mahali pamoja. Kumbuka neno hilo, kutulia, kwa sababu tutalirudia.

*Mbio za kati.* Mipigo ni mitatu: mguu mmoja wa nyuma, kisha jozi ya mshazari, kisha mguu mmoja wa mbele, halafu mnyama huelea kidogo. Kichwa na shingo hushuka na kupanda mara moja kwa kila mzunguko, na mwili hubembea mbele na nyuma kama mashua kwenye mawimbi.

*Shoti*, yaani mbio kubwa. Mipigo hurudi kuwa minne, lakini ya haraka sana. Mgongo na kiuno hujikunja ili miguu ya nyuma ifike mbali chini ya tumbo. Pumzi pia hufuata miguu: katika mbio za kati na shoti, farasi hupumua mara moja kwa kila mzunguko wa hatua. Farasi wa mashindano waliozalishwa kwa ajili ya kasi huweza kupita kilomita 60 kwa saa.

Jicho huchelewa

Kwa karne nyingi watu walibishana kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa wakati mmoja. Wachoraji walimchora akiwa hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Mnamo Juni 1878 huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera katika mstari kando ya njia, akafunga nyuzi zilizofyatua kila kamera farasi alipopita. Picha zilionyesha kuwa kweli miguu yote huacha ardhi, lakini si wakati imenyooka. Huacha ardhi wakati imekusanywa chini ya tumbo. Wachoraji wazuri waliokaa na farasi maisha yao yote walikuwa wamekosea, kwa sababu jicho la mtu haliwezi kufuata mwendo wa kasi vile.

Leo kamera ya kufanya kazi hiyo huenda iko mfukoni mwako. Simu nyingi zina sehemu ya kurekodi video ya mwendo wa polepole. Tutaitumia hapa chini.

Aina tofauti, mwendo tofauti

Usimpime mnyama mmoja kwa mwendo wa mwingine. Farasi wa Kiarabu hubeba kichwa na mkia juu na hurukaruka kwa wepesi. Farasi wazito wa Ulaya, kama Shire wa Uingereza waliozalishwa kuvuta mizigo, huweka mguu chini kwa kishindo na mwili wao huyumba zaidi. Paso wa Peru hurusha miguu ya mbele kwa nje, kama mwogeleaji anayekata maji. Asiyemjua atadhani ana kasoro begani.

Wako pia farasi wenye mwendo wa tano. Farasi wa Iceland ana mwendo uitwao tölt: mipigo minne kama ya kutembea, lakini kwa kasi ya kukimbia, na mgongo hutulia kiasi kwamba mpandaji hatikisiki. Baadhi yao, pamoja na farasi wengi wa mikokoteni ya mashindano nchini Marekani, hukimbia kwa kupeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja. Mwaka 2012 watafiti nchini Sweden na wenzao walitangaza kwamba uwezo huo unahusiana na badiliko katika jeni moja, DMRT3, inayofanya kazi katika seli za uti wa mgongo zinazopanga zamu za miguu. Kwa maneno mengine, mwendo huo ni urithi, hautokani na mafunzo peke yake.

Mwendo huo wa upande mmoja hautakuwa mgeni kwako kama umewahi kumfuata ngamia. Ngamia husogeza miguu ya kulia pamoja, kisha ya kushoto pamoja. Ndiyo maana aliyempanda huyumba kushoto na kulia. Kwa ngamia huo ni uzima. Ukimwona punda akiyumba hivyo ghafla, ni dalili ya kutafutiwa sababu.

Punda si farasi mdogo

Kwato za punda ni nyembamba na zimesimama wima zaidi kuliko za farasi. Mabega yake hayana mwinuko mkubwa wa kuzuia tandiko, kwa hiyo mzigo huteleza mbele au pembeni kwa urahisi. Hatua zake ni fupi. Siku nyingi hutembea, au huenda ule mwendo wa haraka ambao Kiswahili cha zamani huuita telki. Shoti huitumia anapoogopa au anapocheza.

Kwa sababu hatua zake ni fupi na hulalamika kidogo, kuchechemea kwake huonekana kidogo pia. Unahitaji kumjua akiwa mzima. Mrekodi video leo, wakati hana tatizo, uihifadhi. Hiyo ndiyo itakuwa kipimo chako siku utakayokuwa na shaka.

Mkague hivi

1. Mshushe mzigo na umwondolee tandiko. Tafuta mahali tambarare penye ardhi ngumu.
2. Mtu mmoja amwongoze kwa kamba iliyolegea. Kamba ikivutwa, kichwa hakitacheza na hutaona kitu.
3. Mtazame akitembea kwenda mbali nawe, akirudi, na akipita pembeni. Kisha aende mbio ndogo. Rekodi kwa simu.
4. Mzungushe kwenye duara, kulia na kushoto. Maumivu madogo huonekana zaidi wakati wa kugeuka.
5. Sikiliza. Mguu unaouma hutua kwa sauti ndogo, kwa sababu mnyama hauamini.

Kwa nini mbio ndogo? Kwa sababu ndizo zinazotuliza kichwa. Katika kutembea, kichwa hucheza hata kwa mnyama mzima. Katika mbio ndogo, kichwa kinachocheza bila usawa kina ujumbe.

*Mguu wa mbele:* kichwa huinuka mguu unaouma unapogusa ardhi, na huinama mguu mzima unapokanyaga. Mnyama hutupa uzito wa kichwa mbali na maumivu.

*Mguu wa nyuma:* simama nyuma yake uangalie nyonga zote mbili. Nyonga ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi kuliko ya upande wa pili. Mguu wa nyuma ukiuma sana, kichwa pia huweza kucheza na kukufanya udhani ni mguu wa mbele wa upande uleule. Kwa hiyo angalia nyonga kabla ya kuamua.

*Miguu yote miwili ya mbele:* kichwa huenda kisicheze kabisa, kwa sababu hakuna upande wa kukimbilia. Utaona hatua fupi na ngumu, kama mtu anayetembea peku juu ya kokoto za moto.

Ukishaujua mguu

Anza na ukwato. Uinue na uusafishe kwa kitu kisicho na ncha kali. Tafuta jiwe, msumari au mwiba, hasa wa mathenge na migunga. Gusa kwa kiganja: ukwato wenye joto kuliko wenzake, harufu mbaya au usaha ni dalili za ugonjwa. Angalia kama kwato zimerefuka na kupinda, kwa maana hizo hubadilisha mwendo na kuumiza mishipa ya mguu. Ziache zipunguzwe na mtu aliyefundishwa, kidogo kidogo.

Usipuuze tundu dogo. Pepopunda ina jina la mnyama huyu, na punda na farasi ni kati ya wanyama wanaoathiriwa nayo kwa urahisi. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi, na tundu la msumari kwenye ukwato ni mlango wa kutosha. Mwulize ofisa wa mifugo kuhusu chanjo. Wewe pia ukichomwa mguu ukimhudumia mnyama, osha kidonda kwa maji na sabuni na uende kliniki.

Usimpe mnyama dawa za binadamu za maumivu. Mpumzishe, mpe maji na majani, na umpelekee daktari wa mifugo ile video ili aone mwendo wenyewe. Punda aliyeacha kula asisubiri kesho, kwa kuwa kwake kukaa na njaa ni ugonjwa mwingine unaoweza kumuua.

Mzigo nao hubadilisha mwendo

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 150 hubeba kilo 50. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20 za maji, kwa hiyo mitungi miwili inamtosha. Mitungi minne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya mwili wake. Gawa uzito sawa kulia na kushoto. Mzigo ulioegemea upande mmoja humfanya apinde mgongo na kukanyaga vibaya kila hatua, na jioni utaona kuchechemea ambako hakukuwapo asubuhi.

Kumpata punda mwingine si rahisi. Biashara ya ngozi imepunguza punda katika nchi nyingi za bara hili, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kusitisha uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi. Uliye naye umtunze. Kabla ya kumpakia mzigo kesho asubuhi, mtembeze hatua 20 bila mzigo, kisha mbio ndogo kidogo, na utazame kichwa chake. Kikitulia, nendeni kisimani. Kikicheza bila usawa, mitungi ibaki nyumbani hadi ujue mguu gani unauma.