Kompyuta ya kazi nyumbani: Anza na stima, i7 itangoja

Ilikuwa saa nne na kitu usiku stima ilipopotea mtaani kwetu hapa Kitengela. Nilikuwa nimebakisha dakika saba tu za rekodi niliyokuwa nikinukuu, na mteja alikuwa anaitaka kabla ya saa sita. Nikawasha tochi ya simu nikangoja. Baada ya nusu saa hivi stima ikarudi, lakini ilirudi na hasira. Balbu ilimeta kama umeme wa radi, na ndani ya boksi langu la kompyuta kukatoka mlio kama wa njugu inayopasuka. Kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Basi, hivyo tu.

Kazi haikufika. Mteja hakunitukana, aliacha tu kunitumia rekodi, na ukiwa kwenye hii biashara ya kunukuu sauti unajua kimya cha aina hiyo kinamaanisha nini.

Boksi lenyewe nililinunua kwa macho. Lilikuwa na kioo ubavuni, feni zenye taa za rangi rangi, na kibandiko cha i7. Muuzaji (duka silitaji) aliniambia, "Siste, hii ni mnyama." Mimi nani nibishane? Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na kwa mamangu neno "kompyuta" tangu siku hiyo lilikuwa kama jina la mtu aliyetukosea. Nilitaka kitu cha kumwonyesha kwamba niko kazini. Taa za rangi zilionekana kama kazi.

Fundi alipolifungua alicheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Ile i7 ilikuwa ya kizazi cha pili, yaani prosesa iliyotoka mwaka wa 2011. Pawa saplai ilikuwa nyepesi kama kibiriti ingawa imeandikwa wati 500, na ilipokufa iliondoka na bodi kuu. "Hii walikuvalisha suti juu ya matambara, dadangu," akasema.

Mama ndiye aliyeniokoa, na hakufanya hivyo kwa furaha. Alinichukulia Sh30,000 kwenye chama chao cha akina mama, kwa jina lake, za kurudisha Sh3,000 kila mwezi kwa miezi 11. Mimi nilikuwa na Sh8,000. "Hizi zikipotea," aliniambia, "sitakuwa na uso wa kukaa kwa ule mkutano." Kwa hivyo mara hii sikuenda dukani kwanza. Nilikaa chini na karamu.

Swali la kwanza lilikuwa: niunde kompyuta mpya kipande kwa kipande kama wale vijana wa YouTube, au nichukue ex-UK? Kuunda kuna raha yake, sikatai. Lakini piga hesabu ya bodi mpya, prosesa, RAM, SSD, kava na pawa saplai ya maana, halafu uongeze skrini. Kwa Sh38,000 utabana mahali, na mahali ambapo watu hubana kwanza ni pawa saplai kwa sababu haionekani. Nilikuwa nimeshalipia somo hilo.

Ex-UK ni mitumba, tena mitumba ya ofisini. Kampuni za ng'ambo hununua Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre kwa mamia, huzitumia miaka michache kisha hubadilisha zote kwa mpigo. Zinazofika huku zimetumika, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa barua pepe na mahesabu, na ndani zina pawa saplai halisi ya mtengenezaji. Ubaya wake nao upo: baadhi zina pawa saplai na bodi za umbo lao wenyewe, kwa hivyo kikiharibika kimoja huwezi kuokota kingine chochote na kukipachika. Nilikubali hilo.

Na mbona si laptopu, ambayo ina betri yake? Mama pia aliuliza. Kama unaishi bedsita na unafanyia kazi kitandani leo, kwa shangazi kesho, chukua laptopu wala usisome zaidi. Lakini laptopu ya mtumba ya bei hiyo mara nyingi huja na betri iliyochoka, na kuinama juu ya skrini ya inchi 14 saa tisa kwa siku kunaumiza shingo. Mimi nina meza na kona ya sebule. Sihami.

Sasa kuhusu hilo boksi. Dukani watu huliita "CPU" boksi zima, ilhali CPU ni kile kidude kimoja cha prosesa ndani yake. Usijisumbue kumsahihisha muuzaji, ila jua unachouliza. Muulize namba kamili. Ukiambiwa i5-6500, ile 6 inayofuata kistari ni kizazi: cha sita. i5-8500 ni cha nane. i5-10400 ni cha kumi. Neno i5 au i7 peke yake ni kama kuambiwa gari ni Toyota bila kuambiwa mwaka. i5-8500 ya mwaka wa 2018 inaiacha mbali ile i7 yangu ya 2011, tena bila kelele.

Kizazi kina uzito mwingine pia. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kitu kinachoitwa TPM 2.0. Kuna mafundi watakaokuwekea Windows 11 kwa mlango wa nyuma kwenye kizazi cha sita au hata cha nne, na itafanya kazi, mpaka siku itakapokataa sasisho. Kama kazi yako ni ya kuandika na kutumia mtandao tu, Linux Mint au Ubuntu ni bure na zinakimbia vizuri kwenye mashine ya zamani. Lakini mteja mmoja niliyekuwa nikimtafuta alitaka programu yake, na programu yake ilitaka Windows.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku mbili. OptiPlex ya kizazi cha sita ilikuwa Sh14,500. Ya kizazi cha nane, yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, ilikuwa Sh22,500. Tofauti ya Sh8,000 ni kiti kizuri na RAM ya ziada. Au ni hiyo UPS ambayo kama ningekuwa nayo usiku ule, nisingekuwa naandika haya. Niliandika orodha upya mara tatu. Mwishowe nilichukua kizazi cha nane na UPS, nikafuta kiti. Bado nakalia kiti cha jikoni chenye mto.

Kuna kitu kimoja ambacho sikubishana nacho hata dakika: SSD. Mashine ya zamani yenye SSD huamka kabla hujamaliza kumimina chai. Mpya yenye diski ya kuzunguka itakungojesha. RAM ya GB 8 inatosha kuanza, ila uliza iko kwa kipande kimoja au viwili. Yangu ilikuja kipande kimoja, kukabaki nafasi wazi, na malipo yangu ya kwanza yakanunua GB 8 nyingine kwa Sh3,500.

Nilipanda matatu asubuhi nikateremkia tauni, na toka Luthuli hadi Moi Avenue niliingia maduka sita kabla ya kutoa pesa. Wengi walinihudumia vizuri, isipokuwa mmoja aliyeniuliza namnunulia kaka yangu ama boyfriend. Nilitoka. Kwenye lile la sita niliomba mambo manne. Iwashwe mbele yangu. Tuingie kwenye BIOS, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, tuone kama inadai nywila, manake mashine za ofisi wakati mwingine huja na kufuli la mwenyewe wa zamani na hutaweza kubadilisha kitu. Tuone saa na tarehe, kwa sababu zikiwa zimerudi nyuma basi betri ndogo ya bodi imekufa. Hiyo ni ya bei ya soda mbili, lakini afadhali ujue. Halafu niiache ikicheza vidio dakika ishirini huku nikisikiliza feni. Risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti, sikuondoka bila hiyo.

Skrini ya inchi 22, mtumba pia, ilinigharimu Sh5,500. Hapa nusura nirudi Kitengela na vitu visivyoongea. Mgongoni mwa OptiPlex yangu kulikuwa na DisplayPort, na skrini ilikuwa na HDMI na VGA. Kebo ya kuziunganisha ilikuwa Sh600, na ukiisahau utalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa sababu yake. Vilevile boksi la mezani huwa halina Wi-Fi, kamera wala maikrofoni usipouliza. Kile kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB kilikuwa Sh700. Kibodi na mausi Sh1,000. Kwa mikutano ya vidio natumia simu, sioni haja ya kamera bado.

Kisha UPS, Sh6,200. Ile namba 650 kubwa iliyoandikwa ubavuni ni VA, si wati. Wati zenyewe huwa chache zaidi, soma kibandiko cha nyuma. Kwangu hilo si tatizo kwa sababu kompyuta na skrini kwa kazi ya kuandika hula kama wati 60 tu. Wakati ni mpya ilinipa dakika ishirini na zaidi, zinazotosha kumaliza, kuhifadhi, kutuma na kuzima kwa heshima. Angalia mgongo wake uwe na soketi za pini tatu kama za ukutani, maana nyingine zina matundu ya kebo za kompyuta pekee. Mbona nasisitiza? Kwa sababu ruta yako ya Wi-Fi lazima ikae hapo pia. Mara ya kwanza stima ilipopotea nilikaa na kompyuta inayowaka, faili iliyokamilika, na intaneti imekufa ukutani. Nilijicheka peke yangu gizani.

Jumla Sh36,500. Nauli na chai zikala, zilizobaki nikanunua tokeni.

Mama alikuwa na hofu ya tokeni kuliko mimi. Nikamfanyia hesabu nyuma ya risiti: wati 60 kwa saa kumi ni uniti 0.6 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kama uniti 16. Hata ukiweka uniti moja Sh30, haifiki Sh500 kwa mwezi. Pasi yake ya nguo, saa moja tu, hula zaidi ya siku yangu nzima. Hiyo ya pasi sikuisema kwa sauti.

Binamu yangu aliposikia alitaka nimnunulie ileile. Yeye anaishi nje ya mji wa Kajiado, upande wa Ilbissil, na huandikia vikundi vya akiba vitabu vyao vya hesabu. Nikamwambia hapana, kwa sababu yeye hana stima kabisa, ana sola. Kwake boksi langu lingemaliza betri kabla ya jioni. Tulimtafutia zile ndogo zinazotoshea kwenye kiganja, OptiPlex Micro, zinazotumia adapta kama ya laptopu, ya wati 65, na prosesa zake zina herufi T mwishoni. Herufi hiyo ina maana kwamba zimebanwa zile kidogo: wati 35 pale prosesa ya boksi langu inapopewa 65. RAM yake ni ya laptopu, na humo ndani hakuna nafasi ya kuongeza mambo mengi, lakini vitabu vya chama havihitaji mengi. Nilipompelekea tulijaribu mchana kutwa, sola ikajaza huku inatumika. Kosa letu lilikuwa skrini kubwa. Ilikula karibu sawa na kompyuta yenyewe. Tukaibadilisha na ya inchi 19.

Vumbi ndilo sikuliweka kwenye orodha. Ukiishi Kitengela unalijua, lile linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kiangazi ni balaa. Mwezi wa tatu feni ilianza kulalamika. Nilifungua kava nikakuta kama blanketi la kijivu. Sasa boksi haliko sakafuni, liko juu ya meza, na kila baada ya wiki nane hivi nalizima, nalichomoa, nalipulizia vumbi nje kwenye veranda. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Na usilifunike kwa kitambaa likiwa linawaka, hata kama mama anasema kinapendeza. Kitambaa cha kushona kwa mkono kilikuwa juu yake wiki mbili nzima kabla sijajua kwa nini kuna joto.

Yule mteja wa kwanza hakurudi. Huyu wa programu ya Windows ndiye ananilipa sasa, kila Ijumaa. Nikiandika haya UPS imelia mara mbili, stima imeenda na kurudi, na mama kutoka jikoni hajauliza kompyuta iko aje. Ameuliza kama nimetuma ya chama. Nimetuma. Zimebaki nne.