Kutoboa na Kuzungushia: Istilahi za Tundu la Ushanga

Ni rahisi kwa mfasiri kutumia kitenzi ‘toboa’ kila panapotajwa tundu la ushanga. Je, kila tundu hutobolewa?

Katika Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wanaishi Wahadzabe, wajulikanao kwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Ganda huvunjwa vipande vidogo; kila kipande hutobolewa katikati kwa chombo chenye ncha, kisha kingo zake husuguliwa mpaka kiwe duara. Hapa ‘toboa’ ni neno sahihi.

Ushanga wa kioo uundwao kwa mwali wa moto ni kinyume chake. Fundi huchovya ufito mwembamba wa chuma katika uji wa udongo, huuacha ukauke, kisha huuzungushia kioo kilicholainishwa na mwali. Udongo huo ndio uzuiao kioo kisigande chumani. Kioo kikisha kupozwa polepole, ufito huchomolewa; pale ulipokuwapo ndipo palipo tundu.

Mwanafunzi aambiwaye ‘toboa kioo’ huenda akashika kekee na kukipasua. Kwa hiyo tunapendekeza ‘kutoboa’ kwa tundu lichimbwalo, na ‘kuzungushia’ kwa tundu liachwalo na ufito.