Garanti ya duka imeisha: je, haki yako nayo imeisha?



Tuseme ulinunua laptopu ya okazio kwa dola 180. Mwenye duka akaandika kwenye faktire: «Garanti miezi 3». Mwezi wa tano, ukiwa katikati ya kuandika TFC, mashini inazimika na haiwaki tena. Unarudi dukani.

— Papa, mashini imekufa.

Anaangalia tarehe.

— Kijana wangu, garanti ilishaisha. Hapo sina la kufanya.

Unarudi nyumbani kichwa chini. Wengi wetu tunaishia hapo, hata sisi wenye diploma ukutani. Kumbe kuko garanti mbili, na kuisha kwa moja hakuuwi ya pili.

Ya kwanza ni ahadi ya mwuzaji. Muda anapanga yeye: wiki moja, miezi 3, mwaka. Ya pili haitoki kwake, inatoka kwenye sheria: dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ile wanasheria wanaita Kitabu cha Tatu cha Kodi Sivile. Ni ya zamani sana, ya wakati wa Leopold II, lakini mpaka leo njo inaongoza mauzo kama haya. Kuanzia kifungu cha 318 inasema hivi kwa ufupi: mwuzaji anajibika kwa kasoro iliyofichika kwenye kitu alichouza, ikiwa kasoro hiyo inakifanya kisifae kwa kazi yake, au inapunguza faida yake kiasi kwamba ungeijua usingekinunua, ao ungetoa bei ya chini.

Wengine watasema: «Siku hizi tuko na OHADA.» Kweli, nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012. Lakini kanuni zake za mauzo ya kibiashara ni za wafanyabiashara kati yao. Mwanafunzi anayenunua mashini ya kusomea anarudi kwenye Kodi Sivile.

Sasa tusidanganyane. Haki hiyo iko na masharti, na ukikosa moja, umekosa yote.

Kwanza, kasoro iwe ya kufichika. Sikrini yenye ufa uliouona siku ya kununua haiingii. Pili, iwe ilikuwamo tayari siku ya kuuziwa, hata kama ilikuwa bado kujionyesha. Hapa njo kwenye vita. Karti-mere iliyochomelewa vibaya kabla ya kuuzwa inaingia. Karti-mere iliyoungua sababu gurupe ya jirani ilipandisha umeme ghafla haiingii. Batri iliyochoka kwa kutumika nayo haiingii: batri za litiumu zinapungua nguvu kadiri unavyozichaji, hiyo ni tabia yake. Tatu, usikawie. Sheria haikuandika idadi ya miezi. Inasema tu muda mfupi, kufuatana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Ukikaa na mashini mbovu mwaka mzima chini ya kitanda, usitegemee hakimu akuhurumie.

Ukitimiza hayo, chaguo ni lako: unarudisha mashini na kupewa feza zako zote, ao unabaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Na kama mwuzaji alijua kasoro akanyamaza, analipa pia hasara uliyopata. Kutojua hakumwokoi, isipokuwa mlikubaliana wazi kwamba anauza bila garanti yoyote. Kwa hiyo maneno «bila garanti» kwenye faktire si mapambo. Yasome kabla ya kutoa feza. Lakini «garanti miezi 3» peke yake haisemi kwamba sheria imefutwa.

Mashini ikikufa, ufanye nini? Usikimbilie kumpa fundi aifungue. Mwuzaji atasema fundi wako njo aliiharibu, na hutakuwa na jibu. Piga picha, andika tarehe na namba ya seri, peleka dukani ikiwa imefungwa. Mkikubaliana, fundi aifungue mbele yenu wote wawili na aandike chanzo cha ubovu, siyo tu «mashini imeungua». Mwuzaji akikataa, mwandikie barua yenye kueleza kasoro, unachoomba na siku ya mwisho ya kujibu. Asaini kwenye kopi yako. Baada ya hapo kuko upatanishi wa wakubwa wa kartye, na mwishoni tribinali ya amani.

Lakini piga hesabu. Kwa kawaida mtu anashitakiwa mahali anapokaa. Ukinunua Bukavu kwa sababu ni nafuu kwa dola 20, kesi yako iko Bukavu: safari, malazi, siku za kungoja. Mashini ya dola 180 haibebi mzigo huo. Njo maana duka la karibu, hata likizidisha bei kidogo, linaweza kuwa rahisi zaidi mwishoni. Kwa wengi wetu sheria hii itafanya kazi palepale kwenye meza ya duka, kabla ya hakimu yeyote: mwuzaji akisikia unajua unachosema na karatasi ziko mkononi, mazungumzo yanabadilika.

Na kinga inaanza siku ya kununua. Omba faktire yenye jina la duka, namba ya seri na neno «mpya» ao «okazio». Iwashe mashini dukani kwa saa nzima. Kama ina Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye ukurasa mweusi wa amri: itakuonyesha nguvu ya batri ilipotoka kiwandani na iliyobaki leo. Mwuzaji mwaminifu hatakukataza.

Neno la mwisho kwa wenye kuandika kazi: leo hii, weka kopi ya TFC kwenye flashi na uiache kwa rafiki. Feza za mashini sheria inaweza kukurudishia. Kurasa 60 zilizopotea, hakuna kifungu kinachozirudisha.