Lugha katika Malezi ya Mhandisi: Mfano wa Rhode Island

Imezoeleka kudhaniwa kwamba uhandisi hauhitaji lugha. Hesabu ni ile ile kila mahali, shaba huyeyuka kwa joto lile lile Lubumbashi na Berlin, na mchoro husomwa kwa macho. Kwa dhana hiyo, mwanafunzi wa uhandisi anayepelekwa ng'ambo huhitaji tikiti na malazi tu. Makala haya yanaeleza mpango mmoja uliojengwa juu ya dhana iliyo kinyume, na sababu zinazoutetea.

1. Chanzo

Kuwapeleka wanafunzi wa ufundi katika nchi za kigeni si jambo jipya. Mwezi Januari 1948, wajumbe wa nchi 10 za Ulaya walikutana katika Imperial College, London, wakaunda shirika la IAESTE, ili wanafunzi wa fani za kiufundi wapate kufanya kazi nje ya nchi zao. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na vijana wa mataifa yaliyopigana walitakiwa kujifunza kazi na kufahamiana. Mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya nayo ilianzisha mpango wa Erasmus kwa wanafunzi wa fani zote; katika mwaka wake wa kwanza walisafiri wanafunzi 3244 wa nchi 11.

2. Mpango wenyewe

Mwaka huo huo wa 1987, katika Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, John Grandin, mwalimu wa Kijerumani, na Hermann Viets, mkuu wa kitivo cha uhandisi, walianzisha Mpango wa Kimataifa wa Uhandisi. Grandin alikuwa mtaalamu wa fasihi, mchambuzi wa maandishi ya Kafka. Hata hivyo aliona kwamba somo lake lingeweza kuwafaa vijana wa mashine na umeme.

Mwanafunzi wa mpango huu husoma miaka 5 na kupata shahada mbili, moja ya uhandisi na moja ya lugha. Lugha husomwa tangu mwanzo, sambamba na hesabu na fizikia. Mwaka wa nne hukaa ng'ambo: muhula mmoja katika chuo mwenzi, kisha miezi 6 ya kazi katika kampuni. Kwa wanaosoma Kijerumani, chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, chenye asili yake mwaka 1745. Baadaye ziliongezwa lugha nyingine, zikiwemo Kifaransa, Kihispania na Kichina.

Utaratibu huo una hekima yake. Kosa la lugha darasani huleta aibu ndogo. Kiwandani laweza kuharibu kazi. Hata hivyo mwaka mmoja wa ziada ni mzigo kwa mwanafunzi na kwa wazazi wake. Je, mzigo huo una faida gani?

3. Yasiyosemwa na hesabu

Faida ya kwanza huonekana katika mambo madogo. Mmarekani akiona 1,250 husoma elfu moja mia mbili hamsini. Mjerumani husoma moja na robo. Katika mchoro wa Kijerumani, sura ya kitu kitazamwacho kutoka kushoto huwekwa kwa desturi upande wa kulia wa sura ya mbele. Katika mchoro wa Kimarekani huwekwa kushoto. Asiyeijua desturi hiyo atatoboa tundu upande usiotakiwa. Mwezi Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa kuwa kundi moja la wataalamu lilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza, na jingine likazipokea kama za metriki. Nao walikuwa wasemaji wa lugha moja!

Desturi hizo zaweza kusomwa vitabuni. Lakini sababu ya fundi kusimamisha mashine kabla haijaharibika, au kukataa kipimo kilichokubaliwa ofisini, haimo kitabuni. Hupatikana kwa kuuliza na kujibiwa, na neno "kwa nini" haliulizwi kwa ishara za mikono. Mwanafunzi asiye na lugha huona kazi. Mwenye lugha huelezwa kazi.

4. Funzo kwa wasemaji wa Kiswahili

Mfano huu wa mbali unagusa hali ya karibu. Msomi wa Lubumbashi, aliyefundishwa kwa Kifaransa, huandika desimali kwa mkato; mwenzake wa Dar es Salaam, aliyefundishwa kwa Kiingereza, huiandika kwa nukta. Wote wawili ni wasemaji wa Kiswahili, ila wanapofika kwenye hesabu kila mmoja hurudi katika lugha ya shule yake.

Tena, katika Katanga, ambako Union Minière iliyoundwa mwaka 1906 iliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili kilienea kuwa lugha ya kazi, ilhali chuo kikuu hufundisha kwa Kifaransa. Hivyo mhandisi kijana huanza safari yake ya kigeni siku anapoingia mgodini, hata akiwa kwao. Rhode Island waliitengea safari ya namna hiyo miaka ya maandalizi. Kwa wataalamu wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kukusanya msamiati wa mafundi na kuufikisha katika madarasa ya uhandisi, ili anayeshuka mgodini aweze kuuliza, na akijibiwa aelewe.