Sh2,000 za wimbo wa taifa: Mtunzi aliyeishtaki serikali

JINJA. Malori yanayotoka Malaba na Busia yakielekea Kampala hupita Nalufenya kabla ya kuvuka daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa Oktoba 2018. Dereva mwenye haraka hununua chapati yenye mayai kupitia dirishani. Asiye na haraka hushuka anyooshe miguu. Asubuhi ya siku ya shule, kama injini zimezimwa, husikika watoto wakiimba wimbo wa taifa paredi. Unakwisha kabla hujamaliza kuhesabu chenji.

Hapo sitii chumvi. Kwa upande wa muziki, wimbo wa taifa wa Uganda ni miongoni mwa mifupi kabisa duniani, ndiyo maana viwanjani huimbwa zaidi ya ubeti mmoja. Aliyeutunga ni George Wilberforce Kakoma. Alifariki Aprili 2012 akiwa hajamaliza kesi yake dhidi ya serikali kuhusu malipo ya wimbo huohuo.

Kakoma alizaliwa mwaka 1923. Alikuwa mwalimu wa muziki, na alikuwa miongoni mwa Waganda wachache wa kizazi chake waliokwenda kusomea fani hiyo Ulaya, katika chuo cha muziki cha Trinity, London. Huko mtu husomea noti, kinanda, uimbaji wa sauti nne na namna ya kuandika muziki ili bendi au kwaya ambayo haijawahi kukuona iweze kuupiga. Uganda ilipokaribia uhuru wa Oktoba 9, 1962 na kuhitaji wimbo wake, ujuzi huo ndio uliotakiwa. Wimbo wa Kakoma ukachaguliwa.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alipewa Sh2,000 kama asante.

Msomaji anayebadilisha fedha Busia kila wiki atacheka, kwa sababu Sh2,000 za Uganda leo ni bei ya ile chapati ya Nalufenya. Lakini mwaka 1962 nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Kwa hiyo Kakoma alipokea kama pauni 100, fedha ambazo angeweza kuzitumia Jinja, Kisumu, Mombasa au Dar es Salaam bila kumwona mbadilishaji. Hazikuwa senti za kudharauliwa. Swali lake lilikuwa jingine: zile zilikuwa bei ya bidhaa, au zawadi tu?

Alichukua muda mrefu kuliuliza mahakamani. Alikuwa amepita umri wa miaka 80 alipofungua kesi, akidai kwamba hakuwahi kuiuzia serikali hakimiliki na kwamba alistahili mrabaha kwa miaka yote wimbo ulipotumika. Kuna waliomwona mzee mwenye tamaa, anayeitoza nchi kwa kuimba. Mimi siwaungi mkono. Mshonaji wa bendera hulipwa na mpiga chapa wa noti hulipwa, na hakuna anayeona kuwa wanaikosea nchi.

Mwishoni mwa 2019, zaidi ya miaka saba baada ya mtunzi kuzikwa, Mahakama ya Rufaa ilikataa dai hilo la hakimiliki. Wimbo ni wa serikali. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 nayo ina msimamo wa namna hiyo: kazi iliyotungwa chini ya maelekezo ya serikali ni mali ya serikali, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Yeyote aliyewahi kushusha mzigo kwa neno la mdomo anajua uzito wa hayo maneno ya mwisho.

Nyimbo zetu nyingine za taifa zina historia zake za mpakani. Kenya ilipotafuta wimbo mwaka 1963, iliunda jopo la wanamuziki watano, na mmoja wao, George Senoga-Zake, alikuwa mzaliwa wa Uganda. Jopo hilo lilichukua sauti ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana na kuivalisha maneno mapya. Yaani mwana wa Uganda aliwasaidia Wakenya kupata wimbo wao, na hakuna aliyemdai hati ya kusafiria ili sauti ipite. Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao sasa hupigwa kwenye hafla za kiserikali Uganda baada ya ule wa taifa, ulipitishwa mwaka 2010 na uko kwa Kiswahili. Muziki wake ni wa John Mugango.

Turudi kwa Kakoma. Sheria hiyohiyo ya 2006 humpa mtunzi haki za mapato maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo. Kama mahakama ingekubali kwamba wimbo ni wake, familia yake ingeendelea kupokea mrabaha hadi 2062, mwaka ambao Uganda itatimiza miaka 100 ya uhuru.