Stesheni ya Iyunga Itakapoamka, Akina Mama Tuwe Tayari

Ukitoka Mbeya mjini kwa barabara kuu iendayo Tunduma, hujaliacha jiji unafika Iyunga. Hapo ndipo ilipo stesheni ya TAZARA. Wengi wetu tunaijua kama mahali pa kumpokea shangazi kutoka Dar es Salaam, au pa kupeleka kiroba cha mchele kwa mtoto aliye masomoni. Lakini je, mama msomaji, umewahi kuwaeleza watoto wako reli ile ilitoka wapi? Na umejiuliza matengenezo yanayokuja yataleta nini nyumbani kwako?

Ilivyojengwa

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia haina bahari, na sehemu kubwa ya shaba yake ilipita huko kwenda bandarini. Ikawa kama mtu ambaye mlango wake uko mikononi mwa jirani mbaya. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walibisha hodi nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, wakaambiwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali, na mwaka 1967 mkataba ukatiwa sahihi. Fedha zilikuwa mkopo usio na riba.

Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kilomita 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima ilitobolewa na mabonde yakavushwa kwa madaraja marefu. Baadhi ya Wachina waliopoteza maisha katika kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto. Watu wakaiita Reli ya Uhuru.

Ndugu zetu wa Iringa mjini haikuwapitia. Wao walikwenda kupandia Makambako, mji uliokuwa ndani ya mkoa wa Iringa kabla ya mkoa wa Njombe kuanzishwa mwaka 2012.

Ilivyodhoofika

Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini akina mama waliona njia ya kujipatia riziki. Mwenye ndizi, viazi au mchele alipanda daraja la tatu na mzigo wake, akauza vituoni, akarudi na ada ya shule. Treni ilipokuwa ikichelewa siku nzima, hasara ilikuwa ya mama huyo. Ndizi haingoji kichwa cha treni kitengenezwe.

Katikati ya miaka ya 1980 reli ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka. Kufikia mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 90,000. Vichwa vya treni vilichakaa, njia ikachoka, fedha za matengenezo zikakosekana. Njia za Afrika Kusini nazo zilifunguka tena kwa mizigo ya Zambia. Mizigo ikahamia kwenye malori, na sisi tunaoishi kando ya barabara kuu tunajua maana yake. Wauguzi tunaijua zaidi, kwa sababu majeruhi wa barabarani huletwa kwetu.

Matengenezo yanayokuja

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC. Ni mkataba wa miaka 30, na miaka 3 ya mwanzo ni ya kukarabati njia. Thamani yake ni dola za Kimarekani bilioni 1.4, na ndani yake vimo vichwa vipya vya treni na mabehewa. Tusiichanganye na reli ya SGR iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024. TAZARA inabaki na upana wake wa zamani, ulio sawa na wa reli za kusini mwa Afrika.

Ni habari njema. Hata hivyo, yako mambo ambayo hakuna mkandarasi atakayetufanyia nyumbani mwetu.

La kwanza ni watoto. Kwa miaka mingi treni zimekuwa chache, na watoto wamezoea kufanya reli kuwa njia ya shule na uwanja wa michezo. Treni ya mizigo ikifunga breki inaweza kwenda kilomita nzima kabla ya kusimama. Dereva akimwona mtoto, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Waonyeshe pa kuvukia, na uwazoeshe sasa.

La pili ni vijana wetu. Palipo na kambi ya kazi pana mishahara, na wanaume walio mbali na wake zao. Binti anayeuza maandazi kambini anahitaji mama aliyekwisha kuzungumza naye waziwazi juu ya mimba na UKIMWI. Kijana wa kiume naye aambiwe yale yale. Usione haya; akikosa kwako atafundishwa na mwingine.

La tatu ni stesheni yenyewe. Mama mwenye mtoto mgongoni anahitaji choo safi chenye maji, taa za usiku, benchi na pembe ya kunyonyeshea. Mwenye mizigo anahitaji mahali halali pa kuuzia, asifukuzwe kila mara. Mambo haya ni rahisi kuyadai kabla saruji haijamwagwa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Nyoosha mkono useme, na umwombe katibu ayaandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Na akina baba wakisema hayo ni mambo madogo, waulize ni lini wao walibadilisha nepi ya mtoto wakiwa stesheni.